Ng'ombe wa Binti na Baba Aliyechelewa: Uchambuzi wa Posa Moja ya Uyui

Barua ya posa ilifika kwa mjomba wa binti ikiwa na jina la mtu mwingine. Mshenga, mzee wa Kasulu aliyetumwa na ukoo wa kijana, alikuwa ameandika juu ya bahasha jina la baba kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti. Mjomba aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma bahasha, akairudisha bila kuifungua. Kwa adabu zote akamwambia mshenga kwamba mwenye jina hilo yuko Ujiji, treni ipo, amfuate huko huko. Pesa ya kufungulia barua iliyokuwa ndani ikarudi nayo.

Haikuchukua siku nyingi habari ikafika Ujiji, na mwenye jina akapanda treni kuja Tabora pamoja na kaka yake na dada yake. Hakuja kumzuia binti asiolewe. Alikuja kupokea mahari.

Kisa hiki ni cha mfano. Nimekiunga kwa mambo yanayojirudia kwenye vikao vya ukoo vijijini Tabora, kwa hiyo asitafutwe mtu. Nimekichagua kwa sababu vijana wengi wa mjini wanadhani mahari ni bei ya mwanamke, wanaisema vibaya, kisha wanailipa. Kwa Wanyamwezi mahari inahusu watoto zaidi kuliko inavyomhusu mke, na isipotolewa leo inaweza kukaa kizazi kizima kabla ya kudaiwa. Ndivyo ilivyokuwa hapa.

Alivyoingia na alivyotoka

Mwishoni mwa miaka ya 1990 baba huyu alikuwa kijana mchuuzi wa dagaa. Anapakia magunia Kigoma, anashuka Tabora, anazunguka vijiji vya Uyui wakati wa malipo ya tumbaku, wakulima wanapokuwa na fedha mkononi. Akapanga chumba. Akafahamiana na msichana wa nyumba moja, ambaye ndiye mama wa binti yetu. Baada ya muda akahamia kwao, babu akampa mahali pa kujenga kibanda na kipande cha shamba, wakalima tumbaku pamoja. Posa haikuandikwa, ng'ombe hakutoka hata mmoja, na babu hakudai. Msemo wake ulikuwa: akae tu kwanza, tumuone.

Msomaji wa mjini atasema haraka kwamba binti alizalishwa nyumbani. Mzee wa Kinyamwezi hasemi hivyo. Kimila kulikuwa na ndoa ya kukwa, yaani ya kutoa mahari, na kulikuwa na butende, ambayo watu wanakaa kama mke na mume bila mahari kutoka. Zote mbili zilijulikana, majirani walizihesabu, na butende haikuwa aibu ya kuficha. Tofauti ilikuwa kwenye watoto. Wa kukwa ni wa upande wa baba. Wa butende ni wa upande wa mama, mpaka baba yao atakapowakomboa kwa malipo ya wazi mbele ya watu. Kukombola, wanasema. Mwanamume wa butende anaweza kuwa mume mwema, mkwe mwema na mkulima hodari, lakini akiondoka anaondoka na nguo zake.

Na huyu aliondoka. Mama yake alifariki Ujiji, akaenda kuzika, binti hata ziwa hajaachishwa. Huko akabaki, akaoa kwa nikahi, akapata watoto wengine. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalofanya kesi iwe ngumu. Dagaa wa zawadi walifika kila mara alipopata mtu wa kumpa. Ada ya kidato cha kwanza na cha pili aliilipa yeye, wakati ada bado ipo. Kidato cha tatu akakwama, na mjomba akauza magunia ya mahindi.

Mama wa binti naye hakukaa kumngoja. Aliolewa Igunga, safari hii kwa mahari kamili, na ng'ombe wale mjomba aliwatumia kuolea mke wake. Binti akabaki kwa bibi. Kule Igunga angekuwa mtoto wa kuja na mama, asiye na ng'ombe nyuma yake. Hapa alikuwa wa nyumbani. Cheti cha kuzaliwa kilitafutwa shule ilipokidai. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la baba, na bibi ndiye aliyelitaja. Kumbuka hilo, maana lilirudi kikaoni.

Sasa binti ana miaka 23, ni fundi cherehani mjini Tabora. Mchumba wake ni Muha wa Kasulu aliyekuja na kazi za ujenzi wa reli ya kisasa inayotoka Tabora kwenda Kigoma. Mazungumzo ya awali yalitaja ng'ombe wanane, baadhi kwa fedha, pamoja na mkaja wa mama na blanketi la bibi.

Chini ya mwembe

Kikao kilikaa nyumbani kwa bibi. Upande wa mama: wajomba wawili, bibi, mama mwenyewe aliyetoka Igunga, na dada yake mkubwa, ambaye binti humwita mama mkubwa. Upande wa Ujiji: baba, kaka yake na dada yake. Wazee watatu wa jirani. Mwalimu mstaafu akawa mwandishi. Mshenga wa Kasulu aliwekwa nyumba ya pili, apewe chai, aitwe baadaye.

Baba alianza kwa salamu, akamwita mjomba shemeji. Mjomba akajibu salamu, kisha akasema, "Shemeji yangu yuko Igunga. Wewe ni mgeni wetu, karibu." Wazee wakatazama chini. Kwa sentensi hiyo tayari alikuwa ameshasema hoja yake yote, na mengine ya siku ile yalikuwa maelezo.

Kaka wa baba ndiye aliyekuwa msemaji, mtu wa maneno mazuri. Hoja zake zilikuwa kadhaa, na inafaa kuzipima moja moja kwa sababu kila moja ina nguvu mahali fulani duniani.

Ya kwanza ilikuwa damu na jina. Mtoto ni wake, hakuna anayebisha. Sura ni yake. Cheti kina jina lake, na walioliandika ni ninyi wenyewe. Pale wajomba waliguna. Ni kweli kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inalihesabu jina lililo kwenye daftari la vizazi kuwa moja ya ushahidi wa uzazi, pamoja na baba kumkiri mtoto hadharani, sherehe ya kimila aliyoifanya baba, na kipimo cha vinasaba. Lakini sheria ile inamtafuta baba ili atunze. Haimtafuti ili apokee. Uzazi ukithibitishwa mahakamani, kinachofuata ni matunzo, elimu, matibabu, malezi, zizi halitajwi.

Mgawanyo huu kati ya kumkiri mtoto na kuwa mwenye mtoto si wa Wanyamwezi peke yao. Wanayar wa Kerala, kusini mwa India, zamani walikuwa na nyumba za ukoo wa kikeni. Mwanamke alikaa kwao, wanaume walimtembelea usiku wakaondoka asubuhi. Mtoto akizaliwa, mwanamume wa hadhi inayofaa alitakiwa ajitokeze ampe mkunga zawadi zake, nguo na mboga, na hapo mtoto anakuwa na baba wa kutajwa, asiye na doa. Zawadi zile hazikumpa mwanamume huyo mtoto. Mtoto alikuwa wa nyumba ya mama, na mwenye amri juu yake alikuwa mjomba. Utaratibu ule ulimomonyoka taratibu, na sheria za karne ya 20 zikaumaliza. Ada ya vidato viwili na dagaa wa zawadi, kwa macho ya wazee wa Uyui, vilikuwa hivyo hivyo. Baba alikuwa amekiri. Hakuna aliyesema hakukiri.

Hoja ya pili aliitoa kwa sauti ya mtu aliyejiandaa: sheria ya nchi inasema mtu na mtu wakikaa miaka miwili ni mke na mume. Watu wengi wanaikariri hivyo, na wanaikariri nusu. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali ya kuonekana na watu kuwa mke na mume, watadhaniwa kuwa wameoana, na dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Mwalimu mstaafu aliuliza walikaa muda gani. Baba akasema miaka miwili na zaidi, akijumlisha miezi ya chumba cha kupanga. Mjomba akasema misimu miwili ya tumbaku, na msimu si mwaka. Walibishana juu ya hili kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Hata ingekuwa miaka mitatu, kifungu kile kinamkinga mwanamke na watoto: dhana ikivunjwa, mahakama bado inaweza kusikiliza maombi ya mwanamke ya matunzo yake na ya watoto. Kukitumia baada ya miongo miwili ili mwanamume apate ng'ombe ni kukivaa kinyume.

Kuhusu mahari yenyewe, sheria hiyo hiyo inaeleza kwamba ndoa iliyofungwa kihalali haibatiliki kwa sababu taratibu za kimila za mahari hazikufuatwa. Binti wa miaka 23 haombi ridhaa ya baba wala ya mjomba. Kama wale wawili wangekwenda kufunga ndoa bila ng'ombe hata mmoja, wangekuwa mke na mume kamili. Wote kikaoni walilijua hilo, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu kusema harusi isimame.

Ya tatu aliitoa dada wa baba. Yeye ni mtu wa dini, na alisema kwa Waislamu nasaba ni ya baba, mtoto hafuati ukoo wa mama. Mjomba mdogo akamwomba ampigie simu sheikh wao aulize. Akapiga, spika wazi. Jibu lilitoka Ujiji kwa upole: nasaba ni ya baba pale palipo na nikahi. Bila nikahi, mtoto hafungwi kwenye nasaba ya mwanamume yule, hawarithiani, na mwanamume huyo hana uwalii, yaani mamlaka ya kumwoza, juu yake. Binti wa namna hiyo, kama ndoa ingekuwa ya Kiislamu, walii wake angekuwa hakimu. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Si ya baba wala ya mjomba. Shangazi akashukuru, akakata simu.

Baba alikimbilia dini akitafuta mlango mpana zaidi kuliko wa mila, na akaukuta mwembamba zaidi. Fiqhi ya Kishafii, yaani sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi huku kwetu, haimpi mwanamume huyu njia ya kununua nasaba kwa malipo ya baadaye. Mila ya Kinyamwezi inampa. Waliodhaniwa kuwa wagumu ndio waliokuwa wamemwachia nafasi.

Hata mila iliyoandikwa na serikali ni kali kuliko wazee wale. Tangazo la Sheria za Mila la 1963, Tangazo la Serikali namba 279, liliandikwa kwa makabila yanayofuata ukoo wa kiumeni. Linasema mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni wa upande wa mama. Baba anaweza kumhalalisha kwa kumwoa mama wakati wowote, au kwa kumlipa baba wa binti shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Kwa kipimo hicho baba wa Ujiji alipitwa na wakati siku alipopanda treni kwenda msibani. Na tangazo jingine la mwaka ule, la urithi, linamnyima mtoto wa nje ya ndoa urithi wa upande wa baba kama baba hakuacha wosia. Wazee chini ya mwembe hawakuyasoma hayo. Walikuwa tayari kumsikiliza mtu aliyechelewa miaka 20, mradi aje na kitu mkononi.

Ng'ombe wake mwenyewe

Kufikia mchana kaka wa baba alikuwa ameona upepo unakoelekea, akabadili njia. Akakubali kwamba ndugu yake hakukombola. Vizuri, akasema, tumkomboe leo. Tutaje ukombozi ni ng'ombe wangapi, muwatoe kwenye hao wanane wa Kasulu, mbaki nao ninyi wajomba, wanaosalia wapokelewe na baba yake. Kila mtu anakula, hakuna anayeumia.

Kwa hesabu za mtu wa sokoni ni pendekezo safi. Mzee mmoja wa jirani, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, ndiye aliyelikataa: "Unataka kumkomboa mtoto kwa ng'ombe wake mwenyewe?"

Hapa ndipo moyo wa kesi ulipo. Ng'ombe wa ukombozi si ada ya huduma iliyotolewa, kwamba yeyote akilipa, popote zilikotoka, risiti inatoka. Anayetoa ng'ombe kwa ajili ya mtoto anatoa kwenye zizi ambalo kaka zake wana haki nalo, watoto wake wengine wanalitegemea, na shangazi zao waliliingizia mahari zao. Ukoo mzima unapungukiwa ili mtoto mmoja aongezeke. Upungufu huo ndio unaowafanya wamtambue. Kama hawakupoteza kitu, hawana cha kukumbuka. Kesho akirudi kwao na shida ataulizwa yeye ni nani. Na ukikata ukombozi kwenye mahari yake, wanaolipa ni watu wa Kasulu, ambao hawana ugomvi na mtu, na wanaopokea ni wajomba, kwa ng'ombe ambao tayari walikuwa wao. Ukoo wa Ujiji utakuwa umeondoka na binti na nusu ya zizi bila kutoa hata kamba.

Tazama wengine walivyolitatua jambo hili. Kwa Wanuer wa Sudan Kusini, aliyetoa ng'ombe ndiye baba hata kama amekufa: ndugu yake anaweza kuoa mke kwa jina la marehemu, na watoto wakahesabiwa wa marehemu. Kwa Wakurya wa Mara, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke kwa ng'ombe wake, katika ndoa ya nyumba ntobhu, na watoto wanaozaliwa wakawa wa nyumba yake, yeyote aliyewazaa. Huko ng'ombe wamemaliza kila swali. Upande wa pili kuna Waluguru wa Morogoro, ambao mtoto ni wa ukoo wa mama iwe mahari imetoka au haijatoka. Kisa chetu kisingekuwepo Uluguru. Mjomba asingekuwa na haja ya kurudisha barua.

Unyamwezi uko katikati, na nadhani ndiyo maana vikao vyake ni virefu. Mlango wa baba na mlango wa mama yote iko wazi, na kitendo cha watu ndicho kinachofunga mmoja. Historia inasaidia kueleza. Karne ya 19 wanaume wa huku walikuwa wapagazi wa misafara ya pwani. Waliondoka kiangazi, wengine hawakurudi, na nyumba iliyobaki na watoto ilikuwa ya akina bibi na wajomba. Hata utemi, kwa Wasukuma na sehemu kubwa ya Unyamwezi, zamani ulikwenda kwa mtoto wa dada yake mtemi, huku watu wa kawaida wakihesabu ukoo kwa baba pale mahari ilipotoka. Mjomba wa Kinyamwezi, basi, ana cheo cha zamani ambacho hakijafutika, ingawa hakikuwahi kuwa kamili kama cha mjomba wa Uluguru.

Mjomba naye

Ningekuwa mjumbe wa kikao kile ningekubaliana na mzee wa jirani bila kusita. Lakini nisingemwacha mjomba aondoke na ushindi wote, na kwa bahati mama mkubwa hakumwacha.

Ilikuwa imejulikana kijijini kwamba mtoto wa kiume wa mjomba ana mchumba Sikonge na anatafuta ng'ombe. Mama mkubwa aliomba nafasi, akazungumza na kaka yake mbele ya wageni, jambo ambalo si la kawaida. "Kaka, ng'ombe wa mdogo wangu walikuolea mkeo, hatukusema. Hawa wa mtoto wake wamuolee mwanao? Mdogo wangu amebaki na nini? Bibi aliyemlea mtoto huyu amebaki na nini?"

Alikuwa anagusa kitu ambacho jamii za ng'ombe wa mahari zinakijua vizuri. Mahari ya dada ndiyo inayomwoza kaka, kwa hiyo kaka anakaa maisha yake yote akiwa na deni kwa dada. Kwa Walovedu wa kaskazini mwa Afrika Kusini deni hilo lina sura ya wazi: dada ambaye ng'ombe wake walimwolea kaka ana haki ya kudai binti wa nyumba ile awe mke wa mwanawe. Kwa Wanyamwezi halijaandikwa namna hiyo, ila linasikika msibani, linasikika kwenye majina ya wajukuu, na siku ile lilisikika chini ya mwembe. Mjomba aliyetaka kumzuia baba asile asichokitoa alikuwa karibu kula mara mbili.

Na binti? Aliitwa mwishoni, kama ilivyo desturi mbovu ya vikao vingi. Aliamkia wote, akasema mambo mawili. Jina lake halibadiliki, maana vyeti vyote vina jina hilo na yeye mwenyewe analipenda. Aliyemlea anamjua na hahitaji kikao kumwambia. Kisha akageuka kwa shangazi yake wa Ujiji na kumuuliza: yule sheikh alisema mahari ni ya nani? Yeye ni Mkatoliki, na hata watu wa Ujiji walicheka.

Mshenga wa Kasulu alipoitwa hakuonekana kujali nani ana haki. Waha wanahesabu ukoo kwa baba, na kwao mahari ina mpokeaji mmoja anayejulikana. Alichotaka kujua ni ukoo wa binti, wasije wakaoana ndugu, na nani atapokea kwa namna ambayo mwingine hatakuja kudai mara ya pili. Alisema hawaondoki mpaka pande zote mbili ziweke saini mbele ya mtendaji wa kijiji. Mtu pekee asiye na hisia katika kesi ndiye aliyeleta karatasi.

Kilichoandikwa

Waliandika hivi. Mahari inapokelewa nyumbani kwa bibi, na mjomba mkubwa ndiye anayeshika kamba. Baba akileta ng'ombe wawili wa kwake kabla ya harusi, au thamani yao, amekombola. Atakaa kiti cha baba, atamtoa binti, na ukoo wake utatajwa. Asipoleta atakuja kama mgeni wa heshima. Ng'ombe hao wawili ni wa bibi, mjomba hawagusi. Katika wanane wa Kasulu, mmoja ni wa mama wa Igunga, na mtamba mmoja ni wa binti mwenyewe, atunziwe pale pale bibi anapoishi mpaka atakapomtaka. Wanaobaki ni wa nyumba, na mjomba atawaeleza dada zake kabla ya kuwatumia.

Kifungu kile cha ng'ombe wawili kilikuwa kigumu kwa baba, kwa sababu biashara ya dagaa haina zizi. Alirudi Ujiji akachanga. Kaka yake, msemaji yule, akatoa sehemu. Shangazi, ambaye simu ya sheikh ilimfunga mdomo, ndiye aliyetoa kubwa kuliko wote, kutoka fedha ya kikundi chake cha akina mama. Thamani ilitumwa kwa simu kwa mwalimu mstaafu, akaihesabu mbele ya wazee, ikapelekwa kwa bibi. Mtu anaweza kuuliza kama fedha ya simu ni ng'ombe. Majembe ya chuma yalikuwa mahari huku karne ya 19 na hakuna aliyelalamika. Kilichoangaliwa ni kwamba watu watatu wa ukoo mmoja walipungukiwa.

Nina shaka na jambo moja tu katika makubaliano yale. Walikombola ukoo, hawakugusa urithi. Baba akifariki bila wosia, watoto wa nikahi wana sheria ya dini upande wao na tangazo la 1963 nalo linawaunga mkono, na binti atakuwa na karatasi ya kijiji. Kama kuna ushauri wa kumpa mzee yule wa Ujiji, ni aandike wosia angali hai, kwa kiasi ambacho dini yake inamruhusu kumwachia asiye mrithi, yaani kisichozidi theluthi moja ya mali.

Jambo la mwisho la siku ile ya kikao lilikuja karatasi ikiwa tayari kupelekwa kwa mtendaji. Kasulu walikuwa wameleta watano. Watatu waliobaki wangetoka mkataba wa kijana kwenye reli utakapolipwa. Mjomba mdogo akauliza mtoto akizaliwa kabla ya hao watatu atakuwa wa wapi. Mshenga akajibu kwamba kwao mtoto ni wa baba tangu mahari ilipopokelewa, deni ni deni tu. Mjomba mdogo akasema kwetu deni linaweza kushika mtoto, tumetoka kuliona leo. Mwalimu akafungua tena kalamu, wakabishana hadi jioni, na kifungu cha mwisho kikasomeka: watoto wote ni wa Kasulu, na ng'ombe watatu wasipofika katika misimu miwili, mahari ya binti wa kwanza atakayezaliwa itatoa watatu kurudi nyumba ya bibi.